Mlio wa Panzi

Siku shemeji alipomwambia fundi bodi kwamba ndugu zake watakuja kumchukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, fundi alikuwa amekuja kunywa chai. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, nyumbani kwa mama yake, kikombe cha chai mkononi, na akaendelea kutazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimezama humo. Alijua tangu mwanzo kwamba siku hiyo ingefika. Mwanamke bado kijana, mume keshazikwa na mwaka umepinduka, watoto hawakujaliwa; angebaki nyumbani kwa mama mkwe akilinda nini? Hakuna aliyemfukuza. Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia, kwa ile sauti yake ya kujikaza, arudi kwao akaanze upya, maana yeye mzee hawezi kumfuga mtoto wa watu kama njiwa. Walicheka wote wawili siku ile, kisha kila mmoja akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Shemeji alikuwa na ombi moja. Alilitoa huku akimenya vitunguu, kwa hiyo machozi yake hayakuweza kutolewa ushahidi.

"Nataka niisikie pikipiki yake kabla sijaondoka," alisema. "Sitaki kuibeba, shemeji, wala usije ukaiuza ukanitumia hela. Niisikie tu. Mara moja inanitosha."

"Utaisikia," fundi akasema, akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Marehemu alikuwa mdogo wake, aliyemfuata ziwa. Jina lake la nyumbani lilisahaulika mapema. Mtaa mzima ulimwita Panzi, kwa sababu ya kuruka. Alikuwa mtu wa mashindano ya pikipiki, yale ya kwenye matope na vilima vya udongo, ambako mtu hupaa hewani na chombo chake, watu wakashika vichwa, halafu akatua upande wa pili na kuendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Pikipiki yake aliinunua ikiwa tayari mzee, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama, na ilikuwa imeshakimbia mashindano ya watu wengine kabla shemeji hajazaliwa. Wenzake walibadilisha, wakaja na mpya zinazong'aa. Yeye hakubadilisha. Walimtania kwamba kila shughuli inahitaji mzee mmoja wa kuifungua, na mzee wao ndiyo ile.

Wote waliamini kwamba pikipiki ndiyo itakayomuua. Mama alikuwa akisema hivyo mbele yake, huku akimpakulia chakula. Haikumuua. Kilichomuua ni figo, polepole, kitandani, mpaka akakonda kiasi kwamba shemeji alimwinua peke yake kumpeleka bafuni, kama mtu anayebeba nguo za kuanika. Siku alipozidiwa mara ya kwanza aliiegesha pikipiki kwenye banda la nyuma, kati ya ukuta na tangi la maji, akaifunika gunia. Hakuifunua tena.

Fundi alipoondoa gunia lile, kuku alitoka mbio kwenye kiti. Alikuwa ametaga humo.

Hebu niseme kidogo kuhusu kazi ya fundi, maana bila hiyo jambo hili halieleweki. Yeye alikuwa wa kunyoosha magari yaliyogongwa. Gari lilimjia limekunjamana, mlango umeingia ndani, boneti imesimama kama mdomo wa mtu anayeshangaa, naye alilirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Kiganja chake kilikuwa na akili zake. Alikipitisha juu ya bati huku amefumba macho, nacho kikamwambia hapa pamebonyea, hapa pamevimba, hapa kuna mtu alijaza puti kuziba bonde ili ajifiche. Sifa aliyoipenda kuliko zote ni mteja anapolizunguka gari lake mara mbili halafu akauliza, kwani liligongwa wapi? Jioni ya siku kama hiyo fundi alikula kwa hamu na mke wake akajua kazi imekwenda vizuri.

Kwa hiyo alipoanza kuifufua pikipiki ya mdogo wake, aliifufua kwa namna aliyoijua.

Kila alipofunga gereji alipita kwa mama yake, akavaa ovaroli la zamani, akaingia bandani. Aliifungua yote. Alitoa tairi zilizopasuka kama visigino, akalegeza spoku moja moja, akazisugua kwa msasa. Kabureta ilikuwa imeziba. Petroli ya miaka ile ilikuwa imegeuka gundi ya kahawia ndani yake, na alilazimika kuiloweka usiku kucha na kuzibua vitundu vyake kwa waya mwembamba. Pistoni iligoma kabisa. Alimwaga dizeli kwenye tundu la plagi, akasubiri, akaizungusha kwa nguvu, ikagoma, akamwaga tena. Ilipokubali kusogea kidogo tu, kiasi cha upana wa ukucha, alijikuta anaongea nayo. "Haya, mzee. Taratibu. Hatukimbizwi na mtu." Jirani aliyekuwa anachungulia juu ya ukuta akamuuliza kama amepata mke wa pili na amemficha bandani. Fundi akajibu kwamba huyu angalau hadai nguo.

Injini haikuwa fani yake. Kwa hayo alimwita fundi pikipiki wa njia panda, mtu mrefu asiye na maneno mengi, ambaye aliwahi kumwekea Panzi vipuri enzi za mashindano. Huyo alikuja na ringi mpya za pistoni zimefungwa kwenye gazeti, akakataa chai, akafunga silinda, na alipomaliza akaishika pikipiki kwenye usukani. Akasema tu kwamba alikuwa mwendeshaji mzuri yule, akaondoka.

Shemeji alikuja bandani karibu kila siku. Mama hakuja. Mama alisema harufu ya petroli inampa kichwa, na hakuna aliyembishia. Kuna siku walikuwa wanasafisha tangi kwa ndani. Fundi alimwaga humo nati za zamani na mafuta ya taa, akafunga kifuniko, akamwambia shemeji ashike upande mmoja naye ashike mwingine, wakalitikisa pamoja, kwenda na kurudi, ili nati zikwangue kutu. Kelele zake zilikuwa za kuchekesha. Walitikisa mpaka mikono ikafa ganzi, wakapumzika, wakaanza tena, na mama akapiga kelele kutoka ndani akiuliza kama kuna harusi. Shemeji alicheka mpaka akaketi chini. Fundi hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu Panzi alipougua, na moyo wake ukajaa, akafikiri: angalau hili naliweza. Mengine yote yalinishinda, hili naliweza.

Siku hiyohiyo, wakati anakwangua sehemu ya chini ya injini, vipande vya tope vilidondoka, vikavu, vina alama za meno ya cheni. Lilikuwa tope la safari ya mwisho. Fundi akavifagia kwa ufagio mfupi, akavisukuma nje ya mlango. Shemeji aliutazama ufagio ukienda na kurudi, akanyoosha mkono kama anayetaka kipande kimoja, kisha akaurudisha. Fundi aliona, ila hakusimama kufikiri. Alikuwa na kazi.

Rangi aliichanganya mwenyewe kwa jicho. Aling'oa kiti, na chini yake, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, akakuta rangi ya asili, nyekundu inayokaribia chungwa. Akakaa na vikopo vyake mpaka akaipata ileile. Alipolining'iniza tangi likauke, watoto wa jirani walikuja kujitazama.

Ekzosi aliiacha mwisho, kama mtu anayeacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani.

Lilikuwa bomba la moshi lililopita chini ya tumbo la injini. Lilianza jembamba, likanenepa katikati kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha likajibana tena kuelekea nyuma. Kwenye ule unene, upande wa chini, lilikuwa limebonyea vibaya. Panzi alitua juu ya jiwe katika mashindano fulani ya zamani, na bomba likabamizwa kama kopo lililokanyagwa. Tangu siku ile fundi hakuacha kumsumbua. Alimwomba ailete gereji, jioni moja tu, bure. Ilimtia aibu kwamba yeye, mnyoosha magari ya watu, ana mdogo wake anayezunguka mjini na kitu kama kile. Panzi hakuileta hata siku moja. Alisema inakimbia vilevile. "Kaka, wewe ungeachiwa nafasi ungeninyoosha hata pua," alimwambia, maana pua yake nayo ilipinda tangu anguko jingine, na kila mtu aliyekuwepo alicheka, fundi akiwemo.

Sasa hakukuwa na wa kumkataza. Alilikata bomba kando ya mshono wake, likafunguka kama samaki. Akaegemeza chuma cha mviringo kwa ndani na kuanza kugonga kwa nje, kidogo kidogo, akizungusha, akipapasa, akigonga tena. Pale ambapo bati lilikuwa limejikunja alipasha moto mpaka likawa jekundu, akalibembeleza. Aliifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa. Kisha akachomelea, akasaga mshono mpaka ukapotea, akapiga rangi nyeusi ya kuvumilia moto. Alipopitisha kiganja chake akiwa amefumba macho, kiganja hakikumwambia kitu. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile maishani mwake. Alisimama pale bandani peke yake na bomba mikononi na kulia, na hakuona aibu, kwa sababu aliamini amemfanyia ndugu yake jambo ambalo kwa muda mrefu Panzi alikuwa akimkatalia.

Ijumaa mchana walikuwa tayari. Mizigo ya shemeji ilikuwa imefungwa kamba na kupangwa sebuleni. Fundi alifunga gereji mapema, akaisukuma pikipiki hadi katikati ya ua, akachanganya oili na petroli kwenye dumu, akajaza. Shemeji alitoka akiwa amejitanda khanga ambayo hakuivaa siku za kawaida, akasimama karibu na usukani. Mama alikuwa chumbani kwake, upande wa mbele wa nyumba. Alisema ana nguo za kukunja.

Fundi akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, akarekebisha choki, akapiga tena mpaka jasho likamtoka. Halafu ikashika.

Ilikuwa na sauti safi. Moshi wa buluu ukatoka, kisha ukawa mwepesi, na injini ikaimba kwa sauti ya juu, nyororo, isiyokwaruza popote. Alipoivuta resi ilipanda kama kitu kinachofunguliwa zipu, alipoiachia ikashuka bila kusita. Fundi alijisikia kupaa. Akageuka kumtazama shemeji.

Shemeji alikuwa bado anasubiri. Alisimama pale, mikono ameikusanya kifuani, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, sawasawa na mtu aliyeko kituoni ambaye basi lililofika si lake. Fundi akavuta resi tena, kwa nguvu zaidi. Uso wa shemeji haukubadilika. Kisha akatambua kwamba anatazamwa, akatabasamu haraka.

"Inaunguruma vizuri sana, shemeji," alisema ilipozimwa. "Umefanya kazi kubwa. Ahsante."

"Lakini?"

Akavuta pindo la khanga. "Lakini si yeye."

Fundi akadhani ni kabureta. Akaigusa skrubu, akawasha, akamtazama. Akadhani ni plagi, akabadilisha. Akapunguza hewa, akaongeza. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kwa aibu, kama mgeni anayekataa chakula alichopikiwa. Ni wakati fundi alipopiga magoti kuangalia kama kuna mahali panapovuja ndipo mkono wake ulipolipita lile bomba, laini, la mviringo kamili, na mkono ukasimama wenyewe.

Pikipiki za aina hiyo bomba ndilo linaloimba. Moshi hauingii humo ukatoka tu. Unajigonga, unarudi, unazunguka, na umbo la bomba ndilo linaloamua utatoka na sauti gani. Fundi pikipiki aliwahi kumweleza hivyo, na yeye akaitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia. Watu wa mtaa huu walikuwa wakimtambua Panzi kwa mbali, akiwa bado kwenye kona ya kiwanda cha matofali, kabla hajaonekana, na walichokuwa wakikitambua kilikuwa ni ule mbonyeo. Ni jiwe lile. Naye alikuwa ameliondoa kwa ufundi wake wote.

Alibaki amepiga magoti. Hakujua aanzie wapi kumwambia, kwa hiyo alimwambia yote kama yalivyo. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Hakumlaumu hata kwa jicho.

"Basi ibonyeze tena," alisema.

Alilisema kama mtu anavyosema funga dirisha. Fundi akaenda kuchukua nyundo. Alilegeza bomba lile, akaligeuza tumbo juu, akainua nyundo, na mkono ukakataa kushuka. Kwa miaka yote hiyo mkono ule haukuwahi kupiga bati ili liharibike. Aliushusha kwa nguvu, na lile pigo la kwanza lilikuwa dogo mno, likaacha alama kama ya kidole. Akapiga tena.

Wakafunga, wakawasha, wakasikiliza. Sivyo. Akafungua, akapiga, akafunga. Sivyo, lakini kidogo. Shemeji alijaribu kumweleza. Kulikuwa na kitu kama kugugumia, alisema, kama mtu anayetaka kusafisha koo mbele za watu. Fundi alikumbuka vingine. Yeye alikumbuka mluzi, mwishoni, wakati Panzi anapoachia resi. Shemeji akasema hapakuwa na mluzi. Fundi akasema ulikuwepo. Wakatazamana, wote wawili wameghadhibika ghafla, halafu wakaona wanachogombania, wakaacha. Fundi akapiga nyundo mbili, akawasha. Sivyo, akasema shemeji. Akapiga nyingine mbili, akawasha.

"Sivyo," akasema shemeji. "Hiyo imezidi. Shemeji, hebu ngoja." Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amebana masikio kwa viganja, ingawa injini ilikuwa imeshazimwa. "Kila ukiiwasha, ile yenyewe inarudi nyuma. Asubuhi nilikuwa nayo. Nakwambia nilikuwa nayo kabisa, nikiwa nafunga mizigo. Sasa nasikia hizi tu."

Fundi akaweka nyundo chini. Ndipo mama alipotokea kwenye pembe ya nyumba.

Alikuwa peku. Kofuli la geti lilikuwa mkononi mwake, limefunguliwa, na ufunguo unaning'inia. Aliwatazama wote wawili, akaitazama pikipiki, ambayo hakuwa ameikaribia tangu ilipofunikwa.

"Mbona mmezima?" akauliza.

"Tumepumzika, mama," fundi akasema. "Umefungua geti? Kuna mtu anakuja?"

Mama akalitazama kofuli. "Si nilikuwa nimemfungulia," akasema. Kisha akajirekebisha, polepole, kwa heshima kubwa. "Najua aliko. Nilikuwepo anafukiwa. Lakini nilikuwa nakunja shuka, nikamsikia yuko kule kwenye kona, na miguu ikaenda. Nimetoa kofuli, nimesukuma geti, nimesimama barabarani nachungulia kama mwendawazimu. Mwenye duka kaniamkia, sikumjibu."



"Ilikuwa ipi, mama?" fundi akauliza. "Hii ya sasa hivi?"

"Hii hapana. Hii inabweka tu. Ile ya kabla yake."

Fundi akapiga magoti tena. Alilitazama bomba. Yale mapigo mawili ya mwisho yalikuwa pale, mapya, yamefunika kilichokuwepo. Bati kulisukuma ndani ni rahisi, mtoto anaweza. Kulitoa nje tena ni kukata upya, kupasha moto upya, siku na siku, na hata hivyo angelirudisha kuwa zuri, si kuwa lile.

Shemeji alikuwa amesimama. "Ile nilisema sivyo," akasema.

Fundi alitafuta maneno haraka, jinsi mtu anavyotafuta kitambaa cha kuzuia damu. Akamwambia hakuwa na kosa. Akamwambia kwamba yeye shemeji hakuwahi kumsikia Panzi akiwa amesimama hapa uani, karibu na usukani. Siku zote alikuwa ndani, na Panzi yuko mbali, na kuta ziko katikati. Mama amemjua kwa sababu alikuwa ndani. Hata yeye mwenyewe, kaka mtu, alikuwa ameinama palepale na hakumjua. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Mimi nilikuwa mke wake," shemeji akasema. "Amepita hapa mbele yangu, nikamwambia siye."

Na hapo akalia. Mwaka mzima alikuwa amelia kama watu wazima wanavyolia, mgongo ameupa watu, maji ya bomba yanatiririka. Sasa alilia amesimama wima katikati ya ua, mdomo wazi, mikono inaning'inia, na jirani aliyekuwa amechungulia juu ya ukuta akashuka taratibu. Mama hakumkimbilia. Alikwenda kwa mwendo wake, akaweka kofuli juu ya kiti cha pikipiki, akamshika viwiko vyote viwili na kumwacha alie hivyohivyo. Fundi alisema atalikata tena bomba, atakesha, atalirudisha. Hakuna aliyemsikiliza, na yeye mwenyewe hakujiamini.

Baadaye, kilio kilipobaki kwikwi, shemeji akajifuta uso kwa pindo la khanga.

"Ilikuwaje, mama?" akauliza.

"Nini?"

"Ile uliyoisikia. Ilikuwaje? Nifanyie."

Mama akamtazama kama hakuelewa, kisha akaelewa. Alikuwa mtu wa heshima zake, mama yule. Watu walishusha sauti alipopita, na hata wanawe hawakuwahi kumsikia akiimba. Akatazama juu ya ukuta kama jirani bado yupo. Akamtazama mwanawe, naye fundi akainamisha macho ili asimtie aibu. Akalainisha midomo kwa ulimi.

Alianza chini, kwenye koo, mngurumo mdogo wa trrr, trrr, ambao fundi mwanzoni alidhani ni kukohoa. Midomo ikatetemeka, sauti ikapanda, ikakwama, ke-ke-ke, kama mtu aliyepaliwa na tonge, ikameza, ikapanda tena juu zaidi, na shingo yake ya kizee ikanyooka nayo. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja hewani, unavuta resi. Alipofika kileleni aliiachia, na mwishoni kabisa, kati ya meno mawili ya mbele yaliyobaki, ukatoka mluzi mwembamba.

Fundi aliketi chini kwenye udongo, palepale alipokuwa.

"Ndiyo," shemeji akasema. Alikuwa amefumba macho naye, na uso wake ulikuwa umefunguka, unatazama upande wa kona, ng'ambo ya nyumba na ya ukuta. "Ndiyo. Huyo. Anakuja. Rudia, mama."

Mama akavuta pumzi, akakunja midomo tena. Safari hii ilitoka hewa tu. Akameza mate, akajaribu, ikatoka hewa. Akatikisa kichwa na kuweka kiganja mdomoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Shemeji hakuona. Alikuwa bado amefumba macho, shingo ameinyoosha, anasubiri.